Mtoto Anatapika, Anahema na Haachi Kuomba Maji: Mpime Sukari Siku Hiyo Hiyo

Ukiishi Ozi, kuna hesabu ambayo kila mzazi huifanya mtoto anapougua usiku: tusubiri kukuche, au tumwamshe mwenye boti sasa hivi? Mara nyingi watu husubiri, na mara nyingi hawakosei. Homa nyingi hushuka kwa dawa ya zahanati, maumivu mengi ya tumbo hutulia yenyewe, na mto usiku si mahali pa mchezo. Kuna viboko na mamba, na kuna maji ya bahari yanayojaa na kupwa upande wa Kipini. Makala hii inahusu ugonjwa mmoja ambao hesabu hiyo ya kusubiri haiufai hata kidogo.

Madaktari wetu huuandika kwenye faili kwa herufi tatu, DKA. Kirefu chake ni ketoasidosisi ya kisukari. Kwa maneno ya kawaida, ni hali ambapo mtoto mwenye kisukari hukosa insulini mwilini hadi damu yake ikaanza kugeuka kuwa na asidi. Huanza taratibu kwa siku au wiki kadhaa, kisha hugeuka ghafla na kuwa jambo la saa chache. Akitibiwa mapema mtoto hupona na kurudi shuleni, lakini akicheleweshwa anaweza kufa. Jambo la kusikitisha ni kwamba kipimo cha kuutambua ni tone moja tu la damu.

Wengi wetu tumezoea kuona kisukari ni ugonjwa wa wazee. Mwandishi wa makala hii naye alikuwa hivyo kabla ya kuketi na kusoma. Kisukari cha watoto, kinachoitwa aina ya kwanza, ni kitu kingine. Ndani ya tumbo kuna kiungo kiitwacho kongosho, kinachotengeneza insulini. Kwa mtoto huyu, kinga ya mwili wake mwenyewe huzishambulia chembe zinazotengeneza insulini hadi zikaisha. Hakuna alichokula kilichosababisha hayo, na mama hakukosea kitu alipokuwa mjamzito.

Dalili zinavyokuja

Tuchukue mfano wa mtoto wa Gredi ya 2. Si mtoto wa nyumba fulani, ni mfano tu.

Wiki ya kwanza anaanza kunywa maji kuliko kawaida. Anamaliza kikombe na kuomba kingine. Usiku anaamka kwenda haja ndogo mara tatu, mara nne. Kisha mtoto aliyeacha kukojoa kitandani tangu akiwa na miaka mitatu anaanza tena, na nyumbani anachekwa au, vibaya zaidi, anachapwa. Wengine huona sisimizi wamekusanyika pale alipokojoa nje, kwa sababu mkojo una sukari. Hiyo ni dalili ya tangu jadi, na waganga wa India ya kale waliijua. Lakini usingoje sisimizi: wasipoonekana haimaanishi kwamba mtoto ni mzima.

Wiki ya pili anakula vizuri na bado anakonda. Shati la shule linampwaya. Mwalimu anasema siku hizi anasinzia darasani na anaomba ruhusa ya kutoka kila mara. Kila mmoja ana sababu yake ya kueleza hali hiyo: minyoo, joto, kukua, uvivu.

Ndipo inapofika siku ile. Anaamka na maumivu ya tumbo, anaanza kutapika, na anapumua kwa nguvu na kwa kina kama mtu aliyetoka kukimbia, ilhali amelala tu. Midomo imekauka na macho yamezama. Pumzi yake ina harufu tamu ya ajabu, kama embe lililoiva likapita kiasi au dawa ya kuondolea rangi ya kucha. (Msimu wa maembe Ozi nzima hunukia hivyo, kwa hivyo pua peke yake isiwe hakimu. Isitoshe, kuna watu wasioweza kabisa kuinusa harufu hiyo.) Kufikia jioni anajibu maswali kwa taabu. Baadaye hajibu tena.

Kwa mtoto mchanga mambo ni magumu zaidi kwa sababu hawezi kusema ana kiu. Angalia nepi zinazolowa kupita kiasi na kuwa nzito, kunyonya bila kutosheka, uzito unaoshuka, na ukurutu wa fangasi sehemu za siri usiopona.

Kwa nini inafananishwa na maradhi mengine

Pwani yetu ina malaria. Mtoto akitapika na kulegea, wazo la kwanza ni malaria, na si wazo baya. Tatizo huja kipimo cha malaria kinapotoka hakina kitu, kisha tukahamia taifodi, halafu amiba, halafu nimonia kwa sababu anahema, na siku mbili zikapita. Tatizo jingine huja kipimo cha malaria kinapotoka na vimelea, kila mtu akaridhika kwamba jibu limepatikana. Mtoto anaweza kuwa na yote mawili. Malaria au maambukizi mengine yoyote yanaweza kuwa ndiyo yaliyoisukuma sukari yake ikapanda hadi kufika hapo.

Kuna mambo mawili ambayo mzazi anaweza kuyatambua bila mashine.

La kwanza ni mkojo. Mtoto aliyekaukiwa kwa kuhara au kutapika kwa kawaida hukojoa kidogo sana, au hakojoi kabisa. Huyu amekauka midomo, macho yamezama, na bado anakojoa kwa wingi. Vitu hivyo viwili havipatani. Ukiviona pamoja, sema neno "sukari" mbele ya mhudumu wa afya hata kama yeye hajalisema.

La pili ni kuhema. Mtoto mwenye nimonia huwa na kikohozi na homa, na pumzi zake ni fupi fupi. Mwenye DKA hupumua kwa kina, kifua chote kikipanda na kushuka, mara nyingi bila kikohozi. Mapafu yake hayana kasoro. Mwili unajaribu kutoa asidi kwa njia ya pumzi.

Asidi hiyo inatoka wapi? Insulini ndiyo inayoifungulia sukari mlango wa kuingia kwenye chembe za mwili ili itumike kama nguvu. Isipokuwepo, sukari hujazana kwenye damu huku mwili ukilia njaa. Mwili huo wenye njaa huanza kuchoma mafuta yake wenyewe, na majivu ya moto huo, tukiruhusiwa kuyaita hivyo, ni kemikali ziitwazo ketoni, ambazo ni asidi. Sukari iliyozidi nayo humwagika kwenye mkojo na kuvuta maji pamoja na chumvi za mwili. Kwa hivyo mtoto hukauka na kujaa asidi kwa wakati mmoja, na ndiyo maana maji peke yake hayawezi kumponya.

Tone moja la damu

Septemba 2023, Serikali ya Kitaifa ilizindua mpango wa wahudumu wa afya ya jamii nchini kote, na mikoba waliyogawiwa ina mashine ya kupimia sukari pamoja na ya kupimia presha. Wazee wengi wanaijua mashine hiyo. Tunachotaka kila mzazi ajue ni kwamba inafaa kwa mtoto vilevile. Kidole kinachomwa, tone linawekwa kwenye kijikaratasi, na ndani ya sekunde chache namba inaonekana. Vijikaratasi vya mhudumu vikiwa vimeisha, asikae navyo kimya na wewe usikae nyumbani: nendeni zahanati.

Kabla ya kumchoma, mwoshe mtoto mikono kwa maji na sabuni na uikaushe vizuri. Hili si la usafi tu. Mtoto aliyetoka kumenya embe ana sukari ya embe kwenye vidole, na mashine itaisoma kana kwamba ni ya damu. Namba ikiwa kubwa na mikono haikuoshwa, ioshwe kisha apimwe tena.

Kwa mtoto mzima ambaye hajala tangu usiku, sukari huwa kati ya 4 na 6 hivi. Mtoto mwenye dalili tulizozitaja akipatikana na 11.1 au zaidi wakati wowote wa siku, huyo ana kisukari hadi daktari aseme vinginevyo, na anapaswa kufika hospitalini siku hiyo hiyo, si Jumatatu wala baada ya soko. Sukari ikiwa juu kupita uwezo wa mashine, nyingi huandika HI. Mashine haikusalimii, na haijaharibika. Inasema sukari imepita 33 hivi, na hapo hakuna muda wa kujadiliana.

Zahanati inaweza kuongeza kipimo cha mkojo kwa kijiti kinachobadilika rangi kuonyesha sukari na ketoni. Sukari ikiwa juu na ketoni zikiwa nyingi, rufaa iandikwe huku mwenye boti akitafutwa. Mambo hayo mawili yafanyike kwa pamoja.

Inafaa kusema pia kinyume chake. Mtoto aliyezimia kwa malaria kali anaweza kuwa na sukari iliyoshuka mno, na dawa yake ni kupewa sukari haraka. Watoto wawili wanaweza kulala kwenye vitanda vinavyopakana wakifanana kabisa, mmoja akihitaji sukari na mwenzake akihitaji insulini. Bila kipimo huwezi kuwatofautisha kwa macho.

Kutoka Ozi hadi kwenye dripu

Njia ya kawaida ni kushuka kwa boti au kwa bodaboda hadi Kipini, ambako kuna kituo cha afya, kisha kwa gari kupitia Witu na Garsen hadi Hospitali ya Ngao. Ikihitajika zaidi, kuna Hola upande mmoja au Malindi upande mwingine, na Malindi ni zaidi ya kilomita 100 kutoka Garsen. Mvua ikinyesha hesabu hubadilika. Katika mafuriko ya mwishoni mwa 2023 na yale ya 2024, barabara ya Garsen kwenda Witu ilifunikwa na maji eneo la Gamba na magari yakakwama. Kwa mtoto mwenye DKA, saa anazokaa kando ya barabara iliyofunikwa na maji ni saa za ugonjwa kuendelea. Ndiyo maana tunasisitiza apimwe mapema, akiwa bado anatembea na kulalamika kiu tu.

Njiani, ikiwa mtoto yuko macho na anaweza kumeza, mpe maji safi au ORS kwa kijiko, kidogo kidogo, kila dakika chache. Akitapika, pumzika dakika kumi kisha endelea polepole. Asinyweshwe kikombe kizima kwa mara moja, hata akililia.

Asipewe soda. Asipewe ile glukosi ya pakiti ambayo sote tumezoea kumkorogea mgonjwa aliyelegea. Tunajua inatolewa kwa upendo, na kwa magonjwa mengine pengine haina ubaya, lakini kwa huyu ni kuongeza mafuta kwenye moto. Madafu nayo yana sukari, hivyo yaache kwa siku hiyo. Na watu wa Ozi wanajua vizuri kwamba bahari inapopanda mtoni, maji ya kuteka huwa na chumvi. Kuyachemsha huua vijidudu lakini hakuondoi chumvi. Kwa mtoto anayekauka, tumia maji ya mvua yaliyotibiwa au ya chupa.

Mtoto akipoteza fahamu, asitiliwe chochote mdomoni, iwe maji, dawa ya mitishamba au zamzam. Mlaze ubavu ili matapishi yasimzibe koo, na mtu mmoja awe na kazi hiyo tu hadi mfike. Ndani ya boti afunikwe, maana upepo wa mtoni humpoza haraka mtoto aliyekauka.

Mwenye kuandamana na mtoto abebe taarifa, si nguo tu: alianza lini kunywa na kukojoa sana, ametapika mara ngapi, amekojoa mara ya mwisho saa ngapi, namba ya sukari ilikuwa ngapi na saa ngapi, na amepewa dawa gani, zikiwemo za kienyeji. Mkificha za kienyeji kwa aibu, daktari atafanya kazi akiwa amefumbwa jicho moja. Muuguzi wa zahanati naye apige simu mbele ili mtoto asifike kama mgeni.

Mbona hamumpi dawa?

Hapa ndipo manung'uniko mengi huzuka wodini, na ni haki ya mzazi kuelezwa. Umemkimbiza mtoto usiku kucha, umefika, na unaona wauguzi wanafanya mambo polepole. Polepole hiyo ni ya makusudi.

Kwanza wanaangalia kama njia ya hewa iko wazi, anapumuaje, damu inazunguka vipi, na fahamu zake zikoje. Utaratibu huo wa kuwapanga na kuwapima watoto mahututi kwa haraka, unaojulikana kama ETAT+, umefundishwa kwa wahudumu wengi wa hospitali za Kenya. Kisha wanampima uzito, kwa sababu kila kipimo kinachofuata kinategemea kilo zake.

Dawa ya kwanza ni maji ya chumvi kwa dripu. Mtoto wa kilo 20 ambaye hajaingia kwenye mshtuko wa kukosa maji hupewa takriban mililita 200 katika dakika 30 hadi 60 za mwanzo, yaani kama kikombe kimoja kidogo cha chai. Aliye na mshtuko, mikono baridi na mapigo hafifu, hupewa zaidi na kwa kasi zaidi. Baada ya hapo maji yaliyobaki husambazwa kwa saa 24 hadi 48. Usimwombe muuguzi afungulie dripu ikimbie. Mwili wa mtoto huyu umezoea damu nzito yenye sukari nyingi, na mabadiliko ya haraka yanahofiwa kuchangia ubongo kuvimba. Jambo hilo hutokea kwa mtoto mmoja hivi au pungufu katika kila 100 wenye DKA, lakini ndilo linalosababisha sehemu kubwa ya vifo vyao hospitalini.

Insulini huja baadaye, angalau saa moja baada ya dripu kuanza, na kwa kiasi kidogo kinachopimwa kila saa. Kwa mtoto wetu wa kilo 20 ni uniti 1 hadi 2 kwa saa. Haipigwi sindano moja kubwa ya kumaliza kazi. Lengo ni sukari ishuke taratibu, pointi chache kila saa. Pale ambapo hakuna pampu ya kuingizia insulini mshipani, miongozo inaruhusu sindano ndogo chini ya ngozi kila baada ya saa mbili hivi, na kazi hufanyika.

Kisha kuna potasiamu. Ni chumvi inayoendesha misuli, moyo ukiwemo, na mtoto ameipoteza nyingi kwenye mkojo. Insulini ikianza kufanya kazi, potasiamu iliyobaki kwenye damu hukimbilia ndani ya chembe, na moyo unaweza kuyumba. Kwa hivyo huongezwa kwenye dripu, mara nyingi baada ya kuhakikisha mtoto anakojoa. Ndiyo maana muuguzi anauliza habari za mkojo kila wakati hadi unachoka.

Baada ya saa kadhaa utaona jambo la kushangaza zaidi: chupa ya dripu inabadilishwa na kuwekwa yenye sukari. Wazazi hushtuka, na wana haki. Mnampa sukari mgonjwa wa sukari? Ndiyo. Sukari ya damu inashuka kabla asidi haijaisha. Insulini ikikatwa kwa sababu sukari imefika 14, asidi itabaki na mtoto atarudi alikotoka. Basi insulini inaendelea kuzima ule moto wa mafuta, na dripu ya sukari inamlinda asishuke mno. Kinachotibiwa hasa ni asidi, na namba ya sukari ni sehemu tu ya hadithi.

Wakati huo wote kidole kinachomwa kila saa. Mtoto atalia, na wewe utamwonea huruma. Mshike mkono, usimzuie muuguzi.

Mzazi aliye kando ya kitanda ana kazi ambayo hakuna mashine inayoifanya vizuri kuliko yeye: anamjua mtoto wake. Alikuwa anapata nafuu, sasa analalamika kichwa kinamuuma sana. Ameanza kutapika upya. Anaongea maneno yasiyo na mpango, amekuwa mkali bila sababu, au haamki kama alivyoamka saa moja iliyopita. Mwite muuguzi hapo hapo, hata ikiwa saa tisa usiku na hata ukiwa umemwita mara mbili tayari. Hizo zinaweza kuwa dalili za ubongo kuvimba, na dawa yake hutolewa mara moja.

Kuhusu malipo, Ibara ya 43(2) ya Katiba yetu inasema hakuna mtu atakayenyimwa matibabu ya dharura. Mtoto huyu ni dharura kamili. Habari za kadi zifuate baada ya dripu kuwekwa. Hata hivyo, kujiandikisha SHA mapema kupitia *147# au kwa msaada wa mhudumu wa afya ya jamii hupunguza mahangaiko ya siku zinazofuata, kwani mtoto atahitaji kliniki maisha yake yote.

Kurudi nyumbani

Mwezi wa Januari 1922, katika hospitali moja mjini Toronto, mvulana wa miaka 14 aitwaye Leonard Thompson alikuwa mtu wa kwanza kudungwa insulini ya kutibu kisukari. Sindano ya kwanza haikumfaa vizuri. Ya pili, siku chache baadaye, ilimwinua. Aliishi miaka 13 zaidi. Kabla ya hapo, mtoto mwenye ugonjwa huu alikuwa anasubiri kifo tu, mjini Toronto sawa na Ozi. Leo insulini ipo, na mpango wa Changing Diabetes in Children unaofanya kazi nchini pamoja na Wizara ya Afya hutoa insulini na vifaa bila malipo kwa watoto na vijana kupitia kliniki maalumu. Kabla ya kuruhusiwa kutoka hospitalini, muulize daktari kliniki iliyo karibu nawe na namna ya kumwandikisha mtoto.

Insulini haiachwi. Visa vingi vya DKA kwa watoto ambao tayari wanajulikana kuwa na kisukari hutokana na sindano kurukwa: dawa imeisha na nauli hakuna, au mtoto anaumwa homa na hali, na mama kwa nia njema anasema leo tusimdunge maana hajala. Siku ya ugonjwa ndiyo siku mwili unapohitaji insulini zaidi. Kiasi kinaweza kubadilishwa kwa ushauri wa daktari, lakini kuacha kabisa ni hatari. Wengine wameambiwa kwamba maombi au dawa fulani ya mizizi imemponya, sindano ziwekwe kando. Dua ni haki ya kila mmoja, na hakuna mhudumu wa afya atakayemzuia mzazi kumwombea mwanawe. Dua iende pamoja na sindano.

Mtoto anayedungwa insulini anaweza pia kushukiwa na sukari: anatetemeka ghafla, anatoka jasho, ana njaa kali, anachanganyikiwa. Huyo, ikiwa anaweza kumeza, mpe sukari, soda au juisi mara moja. Ni kinyume cha tuliyoyasema juu, kwa hivyo walimu na majirani waelezwe tofauti: DKA huja kwa siku kadhaa, na sukari kushuka huja kwa dakika chache. Shuleni aruhusiwe kunywa maji na kwenda chooni bila kuulizwa. Mwezi wa Ramadhani asifunge kabla ya kuzungumza na daktari wake, hata kama wenzake wa rika wameanza kujaribu.

Nyumba nyingi Ozi hazina friji, na joto letu huiharibu insulini. Mtungi wa udongo unasaidia sana. Tia mchanga wenye unyevu chini, weka kichupa ndani ya mkebe mkavu uliofungwa ili maji yasiingie, funika kwa kitambaa kibichi, na uuweke mtungi kivulini penye upepo. Kichupa kilichofunguliwa kwa kawaida hutumika kwa wiki nne tu, basi andika tarehe ubavuni kwa kalamu. Kikiganda kwenye barafu ya wavuvi, kitupwe. Insulini ile ya maji meupe ikibadilika na kuwa na ukungu, nayo itupwe.

Na tangazo la mafuriko likitolewa, kabla ya magodoro na kabla ya mbuzi, toeni mkoba wa mtoto: insulini, sindano, mashine na vijikaratasi, kadi ya kliniki, pakiti chache za ORS na sukari kidogo, vyote ndani ya mfuko wa plastiki uliofungwa vizuri. Mkifika kambini, mtajeni mtoto huyo kwa mhudumu wa afya siku ya kwanza, ili dawa yake iletwe na boti ya kwanza inayokuja.